Pazia la Ukuta Usio na Dirisha

Wiki tatu zilizopita nilivua tepu shingoni, nikaitundika kwenye msumari wa karakana, nikaenda nyumbani. Macho yangu yamekataa kutunga uzi, na fundi asiyeweza kutunga uzi ni heri aondoke kabla wateja hawajagundua. Ninyi mliobaki mmeniomba niandike niliyoyaona tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mmoja wenu alitaka nieleze jinsi nilivyopanda cheo hadi kuwa msimamizi. Hilo halina hadithi. Waliokuwa mbele yangu waliolewa mbali au walizeeka, nami nikabaki nimekaa. Nitaandika kuhusu madirisha.

Nilikuja mjini Machakos kutoka Muthetheni, ambako nilikuwa nimeshona sare za shule kwa miaka mingi. Sare haina ubishi. Mtoto ana mabega, kiuno na magoti, na mwalimu mkuu ana rangi anayoitaka. Nilidhani dirisha litakuwa rahisi zaidi, maana halikui wala halijikuni likipimwa. Sikujua bado kwamba mwenye nyumba ndiye hasa anayevaa pazia.

Karakana ilikuwa ya Bi Zuhura, nyuma ya soko. Babu yake alitoka pwani kuja kuuza vitambaa, familia ikabaki hapa, lakini Kiswahili chao hakikukubali kubadilika. Siku ya kwanza nilimwambia, "Bi Zuhura, mimi niko na mkasi yangu."

Alishusha miwani. "Una mkasi wako, Ndunge. Sema tena."

"Nina mkasi wangu."

"Haya, kaa. Sasa hata kitambaa kitakuelewa."

Kwa miaka kumi aliyonifundisha, alinisahihisha lugha mara nyingi kuliko mishono, na mishono yenyewe haikuwa mizuri.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyumba ya mwalimu mmoja hapa mjini, madirisha mawili ya sebuleni. Nilipima kwa tepu ile ya kitambaa niliyozoea kupimia viuno vya wanafunzi, kisha karakana tukakata kwa rula ya mbao. Tepu hiyo ilikuwa imevutwa miaka mingi hadi ikarefuka, na kitu kilichorefuka kinakupa kipimo kifupi. Tulipoyatundika mapazia, yaliishia shubiri moja juu ya kizingiti, kama suruali ya mtu anayevuka mto. Bi Zuhura hakunigombeza. Alinipa kipande cha kitambaa cha rangi ya machungwa kilichosalia, akaniambia nishone mkanda chini ya yale mapazia ya kijani, niyarudishe, kisha niombe msamaha.

Niliomba msamaha. Mke wa mwalimu aliupokea. Mwezi uliofuata majirani zake wanne walikuja karakana wakitaka "hizo pazia ziko na mkanda chini". Kosa langu la kwanza likawa mtindo wa mtaa mzima. Bi Zuhura alininunulia tepu ya chuma, akaniambia nisije nikakosea tena, maana mji hauna machungwa ya kutosha.

Mambo ya mitindo mnayajua. Nilipoanza, watu walitaka maua makubwa, kila ua kama kabichi. Baadaye ikaja neti nyeupe ya kuweka chini ya pazia zito. Miaka ya elfu mbili ikaingiza majumbani zile za ofisini, za vibao vinavyovutwa kwa kamba, watu wakaanza kukaa kwao kama wanaosubiri kuitwa na karani. Lakini swali moja halikubadilika miaka yote hiyo: upande mzuri wa kitambaa utazame wapi? Mtu akiwa na akili timamu atasema ndani, anakokaa. Wateja wangu, karibu nusu yao, walitaka utazame barabarani. Nimeshona mapazia ya familia zilizoishi miaka saba zikitazama mgongo wa kitambaa, mishono na nyuzi, ili wapita njia waone maua.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba ya Katangi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii, na kwa sababu ninyi mmeisikia kwa watu wengine wakiongeza uongo. Ukweli unatosha.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Bwana Muli alikuwa ofisa mkubwa katika ofisi moja hapa mjini, na alikuwa amejenga nyumba ya mawe kwao Katangi. Mkewe, Mama Ndinda, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipokuambia habari ya asubuhi ulijihisi umechelewa darasani. Walikuja karakana pamoja. Binti yao Ndinda alikuwa amepata mchumba kutoka upande wa Mwala, na familia ya kijana ilikuwa inakuja Jumamosi ya wiki ya tatu na mbuzi wa kufungua mazungumzo ya mahari. Nyumba haikuwa na hata kitambaa kimoja dirishani.

"Mimi nataka zile za kamba," alisema Bwana Muli. "Kama za mkubwa wetu ofisini. Akivuta, hata jua linajua limefukuzwa."

"Unataka wageni wafikiri wamekuja kuchukua fomu?" Mama Ndinda alimjibu bila kumtazama. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya jora la mahameli ya rangi ya damu ya mzee. "Hii. Na neti chini. Na huko juu ile ubao ya kuficha reli, na shada za dhahabu. Kwa mke wa shemeji yangu Nairobi ziko hivyo, pande zote mbili za sebule."

Bi Zuhura alisema polepole, "Mwalimu, Katangi kuna joto. Mahameli ni kitambaa cha kulala ndani yake, si cha kukaa nacho mchana."

"Joto tumezoea," alisema Mama Ndinda.

Nikaenda kupima, nikipanda gari la Bwana Muli. Sebule ilikuwa kubwa, paa la mabati bila dari, na ilikuwa na madirisha mawili tu, yote upande wa magharibi unaotazama barabara. Upande wa mashariki ulikuwa ukuta mtupu kutoka kona hadi kona. Nilimuuliza Bwana Muli kwa nini. Alisema upande ule hakuna barabara. Hakuona haja ya kuweka dirisha mahali ambapo hakuna mtu wa kuliona.

Karibu na dirisha moja alikuwa amekaa mama yake, ambaye nyumba nzima walimwita Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alisuka kiondo akiwa amekiinua karibu na kioo, ili apate mwanga kidogo aliobakiwa nao. Nilipofikia dirisha lake aliniuliza kwa Kikamba, "Fundi, mtaacha mahali pa mwanga?"

Nilimwambia, "Susu, pazia hufunguliwa."

Mama Ndinda aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Hizi hazitafunguliwa. Mahameli ikifunguliwa kila siku inakunjamana."

Susu akarudi kwenye kiondo chake. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na tepu mkononi na kalamu mdomoni, nikajiambia kwamba kazi yangu ni upana na urefu. Kati ya makosa yote niliyofanya katika kazi hii, hilo la kunyamaza ndilo linaloniudhi hadi leo. Suruali ya kuvuka mto nilishaisamehe.

Mama Ndinda akageuka akaelekeza kidole ukuta wa mashariki. "Na hapo."

"Hapo ni ukuta, Mwalimu."

"Naona ni ukuta. Sijaambia wewe ni mlango. Pima."

"Nipime dirisha lipi?"

"Ile ingekuwa hapo."

Nikasikia Susu akicheka kidogo juu ya kiondo chake. Nikapima dirisha ambalo lingekuwa hapo. Nililipa upana na urefu sawa na yale mengine. Lilikuwa dirisha zuri.

Niliporudi karakana nikampa Bi Zuhura karatasi ya vipimo. Aliisoma, akarudi juu, akaisoma tena. "Ukuta wa mashariki, pazia moja," alisema. "Ndunge, nimeshona pazia la mlango wa choo. Nimeshona pazia la kabati la vyombo, na la kufunika televisheni isione haya. Hili la ukuta bado." Aliitia karatasi kwenye droo. "Haya, tushone. Na mikunjo iwe kamili, mara mbili ya upana. Hata ukuta tusiupunje."

Tulishona siku tisa. Mahameli huteleza chini ya mguu wa cherehani kama sabuni, na vumbi lake huingia puani. Jumamosi ya wageni nilikuwa Katangi tangu asubuhi, nikipigilia ubao wa mwisho na kutundika mashada. Nilipomaliza nikakusanya vyombo vyangu, lakini Mama Ndinda alinishika mkono.

"Usiende. Kitu ikianguka, nani atainua?"

Basi nikaketi kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni. Nikiwa hapo niliona kazi yangu vizuri kwa mara ya kwanza. Sebule ilikuwa ya kupendeza sana, na ilikuwa na giza kama ghala. Umeme haukuwa umefika kwao, kwa hiyo saa sita mchana, jua likiwa utosini, Bwana Muli aliwasha taa ya kandili ya kupampu na kuiweka mezani. Taa ile ilikuwa inavuma na kutoa joto lake mwenyewe, juu ya lile la mabati. Susu walimhamishia kona ya ndani ili kiti chake cha kamba kisionekane sana. Kiondo chake walikiweka chumbani.

Wageni walifika, watu tisa. Msemaji wao alikuwa Mzee Nzioka, mtu mnene wa sauti nzito, aliyekuja na koti kamili kwa heshima ya siku. Alikaa chini ya pazia la ukuta wa mashariki. Sala ikaombwa, soda zikagawanywa, mbuzi wakasifiwa. Mazungumzo yalipofika mahali pa kuanza kukwepana kwa adabu, watu wote walikuwa wanajipangusa. Mzee Nzioka alivua koti. Kisha akalegeza tai. Mtu mmoja alijipepea na sahani.

Susu akaanza kuhema. Niliisikia pumzi yake kabla sijamwona, fupi fupi, kama mtu aliyepanda kilima. Mzee Nzioka naye aliisikia.

"Wazee, ngojeni kidogo," alisema akisimama. "Huyu mama anakosa hewa. Wacha nifungue hii dirisha."

"Hiyo wacha!" alisema Mama Ndinda. "Hiyo... hiyo inaingiza mbu."

"Mbu saa saba mchana?" Mzee Nzioka alikuwa ameshashika mahameli kwa mikono miwili. Akavuta. Pazia lilifunguka vizuri, kulabu zote zikateleza bila kukwama, nami, Mungu anisamehe, nilijivuna kwa nukta moja. Nyuma yake kulikuwa na neti. Akaivuta pia.

Nyuma ya neti kulikuwa na mawe.

Taa ilivuma. Mzee Nzioka aliweka kiganja juu ya ukuta, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Halafu akageuka.

"Bwana Muli," alisema, "kabla tuendelee, tungeomba kumwona msichana. Tusije tukafungua na hapo tukakuta mawe."

Mmoja wa wageni alipaliwa na soda. Bwana Muli alitazama viatu vyake. Upande wa kijana walianza kunong'onezana, na mwanamke mmoja akauliza, si kwa sauti ndogo sana, kama cheti cha shule cha binti kimeonekana na mtu yeyote. Kutoka chumbani nikasikia Ndinda ameanza kulia. Hapo nilielewa kwamba jambo hili halikuwa mchezo tena. Binti wa watu alikuwa anakaribia kukosa mume kwa ajili ya mita sita za mahameli.

Mama Ndinda akasimama na kuninyooshea kidole. "Ni fundi. Fundi ndiye alikosea. Alileta moja zaidi akaona aitundike tu."

Macho yote yakanijia. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa tamu mdomoni. Lakini Susu alikuwa ameegemeza kichwa ukutani na midomo imebadilika rangi. Niliacha jibu nikaenda kwenye dirisha la kweli. Nilivuta mahameli kwa nguvu kuliko ninavyowafundisha ninyi, na reli ikang'oka pamoja na ubao na mashada, vyote vikamwangukia Bwana Muli magotini. Nikafungua kioo. Hewa ikaingia, na mwanga, na vumbi la barabarani. Nikamwinua Susu, tukatembea pamoja, nikamkalisha pale. Mtu akamletea maji.

Alikunywa. Alipumua. Kila mtu alikuwa anamngojea, na yeye hakuwa na haraka. Kisha akasema kwa Kikamba, sauti yake ikiwa imara kuliko nilivyotegemea:

"Fundi hakukosea. Mimi sioni, lakini nasikia. Siku ile alisema hapo ni ukuta." Akageuza uso upande wa mashariki. "Dirisha la hapo niliomba mimi, tangu nyumba ilipokuwa msingi. Nataka jua la asubuhi. Mwanangu ni mtu wa mambo makubwa, kwa hiyo ameleta nguo kwanza. Dirisha lenyewe linakuja."

Mzee Nzioka alimtazama. Alitazama mawe. Tumbo lake likaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka, na kilipotoka kiliwachukua wote, mpaka yule mwanamke wa cheti.

"Basi nguo imefika, bibi harusi yuko njiani," alisema akifuta machozi. "Bwana Muli, linakuja lini?"

Bwana Muli, akiwa bado na mahameli magotini, akasema, "Wiki... wiki ijayo. Nimeshaongea na fundi wa mawe."

"Vizuri sana," alisema Susu. "Kila mtu amesikia."

Mazungumzo yaliendelea madirisha yote mawili yakiwa wazi, na yaliisha vizuri kabla ya saa kumi. Ndinda alitoka chumbani akaonekana ni mtu kamili.

Jumatatu Mama Ndinda alikuja karakana, akasimama mbele ya wateja na kusema kwamba nimemharibia siku, reli na jina. Bi Zuhura alimsikiliza hadi mwisho. Akachukua ile karatasi ya vipimo, akamwekea mezani.

"'Ukuta wa mashariki, pazia moja,'" alisoma. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kusahihisha. Nionyeshe kosa liko wapi."

Mama Ndinda aliitazama kwa muda mrefu. Akaondoka bila kuaga. Mimi nilitaka kucheka, lakini Bi Zuhura alinigeukia. "Na wewe usifurahi. Yule mama mzee alikuuliza kuhusu mwanga, ukamjibu nini?"

Ninyi huwa mnanicheka kwamba nikiingia nyumba ya mteja sigusi tepu kabla sijauliza nani hukaa hapo mchana. Mnasema nawapotezea muda. Wengi wa wateja hawajui jibu, inabidi waulizane. Sasa mmejua nilianza lini.

Fundi wa mawe alikwenda kweli. Ilibidi, kwa kuwa familia ya kijana ingerudi, na Mzee Nzioka alikuwa ameahidi kukaa kiti kile kile. Fundi alipouliza dirisha liwe la ukubwa gani, Bwana Muli alimwambia, "Pima pazia." Katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia tena dirisha lililokatwa kufuata kitambaa. Nasikitika kusema lilitoshea barabara.

Waliniita niende kurekebisha reli na kutundika upya. Nilifika asubuhi. Ukuta ulikuwa umefunguka, na kwa dirisha jipya uliona shamba la mbaazi, halafu ardhi tupu nyekundu, halafu vilima. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sebule. Susu alikuwa amekaa ndani yake na kiondo chake, vidole vikienda haraka kuliko siku ile ya kwanza. Nilipanda stuli nikiwa na mahameli begani.

"Hiyo ni nini inanizibia?" aliuliza.

"Ni pazia, Susu."

"La dirisha gani?"

"La hili lako."

Alinyoosha mkono. Nikashuka, nikampa pindo alishike. Alilipapasa mbele na nyuma, akafuata mshono kwa kidole gumba kama anayekagua.

"Umeshona vizuri," alisema. "Ni kitambaa cha maana. Sasa kiondoe."

Niligeuka. Mama Ndinda alikuwa amesimama mlangoni, na sikujua alikuwa hapo tangu lini. Nilingoja anipe amri. Alitazama lile dirisha, likiwa tupu, bila neti, bila shada, kitu ambacho mke wa shemeji yake Nairobi asingekikubali hata jikoni. Alimtazama Susu. Kisha akaja, akashika ncha mbili za mahameli, mimi nikashika mbili, tukaikunja.